Majina Matatu kwenye Kadi ya Baba Tusa

Nikipita mahali wanapokata sabuni ya mche, harufu ile nzito ya mafuta na magadi ikanifika puani, siwezi kuendelea na safari kabla sijawahesabu watu. Nawahesabu waliokuwapo siku ile, kwa mpangilio uleule, kama mtu anayesali rozari. Alikuwapo mdogo wangu Oresti, mwenye miaka tisa, amejifunga shuka la marehemu baba shingoni kwa sababu ya baridi. Alikuwapo Fides, kitinda mimba wetu, mgongoni mwangu ingawa alikwisha kuupita umri wa kubebwa. Alikuwapo Mzee Kasiano, balozi wetu wa nyumba kumi, na koti lake lenye kifungo kimoja. Alikuwapo Mama Verani, jirani yetu, ambaye habari ya mtaa ilikuwa haijawa habari mpaka ipite kinywani mwake. Alikuwapo meneja wa Duka Kubwa, na mkaguzi aliyekuja na daftari kutoka ofisini. Alikuwapo Baba Tusa pamoja na mkewe. Na mimi, Skolastika, mwenye miaka kumi na minne. Wengine walikuwa foleni tu. Nyuso zao zimenitoka.

Wasomaji wangu mliozaliwa juzi, mnaoingia dukani mkatoka na mnachotaka, nivumilieni kidogo. Lazima niwaeleze lile duka kwanza, maana bila duka lile hakuna ambacho kingetokea.

Sisi tulikaa Chanji, pembeni mwa mji wa Sumbawanga, katika nyumba ya matofali mabichi aliyoiacha baba. Baba alifariki kwa ugonjwa wa kifua, na mama akamfuata kabla hatujavuna mahindi ya mwaka uliofuata. Nikaacha shule nikiwa darasa la tano. Mwalimu alikuja nyumbani mara mbili kunishawishi nirudi, mara ya tatu hakuja. Tulikuwa na shamba kandokando ya Izia, na huko nilijifunza kufukia majani chini ya matuta yetu makubwa tunayoyaita ntumba, kama wanawake wazima walivyofanya, mgongo ukiniuma mpaka nikilala naona matuta. Mama alikuwa na msemo wake: mtoto mkubwa ni chungu cha mekoni, hukaa motoni ili wengine wale. Alipokuwa hai niliuona ni utani.

Kila tulichokosa shambani tulikipata kwa Baba Tusa. Alikuwa Mnyakyusa, amehamia kwetu kutoka Mbeya, na duka lake lilikuwa dirisha moja la mbao mbele ya nyumba yake, nyumba ya nne kutoka kwetu. Dirisha lile lilijua umaskini wetu vizuri. Baba Tusa alikata mche wa sabuni kwa waya, akauza kipande kisichozidi kidole. Chumvi alipima kwa kikombe, sukari akaifunga kwenye karatasi iliyoviringishwa kama pembe. Hata wembe aliuvunja katikati akauza nusu. Ukija na mayai mawili au kisonzo, kile kikapu chetu kidogo, cha ulezi badala ya fedha, alivipokea, akavitazama kwa makini kama daktari, akasema, "Haya, tumeelewana." Hata mtoto asiyejua kuhesabu aliweza kutumwa kwake, akarudi na kitu kilekile kilichokusudiwa.

Kisha ukaja mwaka wa amri ya kufunga maduka ya watu binafsi. Tuliambiwa kwamba wenye maduka ni wanyonyaji, na kwamba sasa wananchi watakuwa na duka lao wenyewe. Nami niliamini. Tulikwenda kulilaki Duka Kubwa kwa ngoma na matawi mabichi, vumbi likipanda mpaka magotini. Lilikuwa jengo refu la bati jipya, na ndani rafu zilipanda mpaka darini, zimejaa blanketi, sufuria, vitenge, miche mizima ya sabuni iliyopangwa kama tofali. Oresti alisimama mlangoni mdomo wazi. Akaniuliza, "Dada, vyote hivi ni vyetu?"

"Vya wananchi," nikamjibu.

"Sisi ni wananchi?"

"Nyamaza utazame."

Baba Tusa alipigilia misumari kwenye dirisha lake asubuhi hiyohiyo. Nilisikia nyundo nikiwa njiani kwenda kwenye ngoma, wala sikugeuka.

Haukupita muda tukagundua kwamba Duka Kubwa halijui nusu. Sabuni ni mche mzima au hakuna. Sukari ni kilo. Mayai yako peleka sokoni kwanza, ukipata fedha ndipo uje. Na haukupita muda mwingine rafu zikaanza kuonyesha mbao zake. Malori yalichelewa kwa matope ya njiani, na yalipofika, vitu vilikwisha kabla mtu wa kumi hajafika mezani. Wakati fulani ukitaka sukari ulilazimishwa kununua na kopo la dawa ya viatu. Kwa hiyo Chanji nzima ikawa na dawa ya viatu, na wenye viatu tuliweza kuwahesabu kwa vidole. Mama Verani aliipaka milango yake miwili, ikang'aa vizuri sana.

Foleni ilianza siku moja kabla ya mauzo. Watu waliweka mawe badala ya miili yao, kila jiwe na mwenyewe, na ole wake aliyesogeza jiwe la mwenzake. Mimi nikapata kazi hapo. Wake za watumishi wa ofisini hawakutaka kukaa juani, basi niliwalindia mawe yao, na jioni walinipa unga au kipande cha mkate. Nilikuwa na mawe saba niliyoyafahamu kama watu. Nililinda foleni ya wengine, ila mwenyewe sikuwa na la kununua, maana kilichohitajika kuliko fedha ni kadi ya kaya, na sisi hatukuwa nayo.

Hapa ndipo palipokuwa na uchungu wangu wote. Kadi ile iliandikwa na balozi, juu jina la mkuu wa kaya, chini majina ya wote wanaokula kwake, na kila kaya ilikatiwa fungu lake kufuatana na idadi yao. Nilikwenda kwa Mzee Kasiano nikapiga magoti.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Najua kilichokuleta." Alikisokota kile kifungo chake kimoja. "Niandike nani juu? Kaya haina mtu mzima."

"Niandike mimi."

"Mtoto wa miaka kumi na minne! Watanicheka ofisini. Niwaandike chini ya mtu mwingine, basi. Kwa mtu mwenye nyumba yake."

Nilikataa. Nilimwambia kwamba hatutaandikwa chini ya jina la mwanamume yeyote, baba yetu alikuwa na jina lake na nyumba yake ingali imesimama. Nilikuwa na sababu. Baba mdogo, ndugu yake baba, aliyekaa Matai, alikwisha kutupangia. Oresti angekwenda kwake kuchunga ng'ombe, Fides angepelekwa kwa shangazi, na mimi, alisema akinitazama kuanzia miguuni, nilikuwa nakaribia kuolewa. Alitupa mpaka mavuno. "Nyumba isiyo na kadi si kaya," alisema. "Ni watoto waliolala pamoja." Niliogopa kwamba jina letu likishaingia kwenye karatasi ya mtu mwingine, nyumba yetu itakuwa imekufa kisheria, naye atakuja kutuchukua mmoja mmoja kama vifaranga.

Mzee Kasiano akasema, "Nitaona." Nikarudi nyumbani nikangoja. Miezi ikapita. Nililala usingizi wa sungura, nikishtuka kila mlango wa jirani ulipolia. Nikisikia lori linatokea upande wa barabara ya Matai, jembe lilinitoka mkononi.

Katika miezi hiyo, kila Jumamosi mchana, Mama Tusa alikuja. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye kucheka kwa mabega bila sauti. Alitoa chini ya kanga yake kifuko cha chumvi, sukari kidogo, kipande cha sabuni kilichokatwa kwa waya. "Ni masalio ya duka letu, mwanangu," alisema. "Tusile peke yetu yakaharibika." Sikujiuliza masalio gani yasiyokwisha. Na sukari tangu lini ikaharibika? Mtoto anayehangaika haulizi kitu kinachomfaa.

Basi siku ile. Ilikuwa asubuhi ya mwezi wa saba, upepo wa kwetu unakata masikio, ukungu haujainuka. Lori lilikuwa limeingia jana yake na foleni ilizunguka jengo. Badala ya kufungua dirisha la mauzo, meneja alitoka nje na mkaguzi, wakaweka meza uani. Mkaguzi alikuwa kijana, suti yake ya kaki imenyooshwa vizuri, sauti yake ya shule. Alisema kuna watu wanaandikisha majina hewa na kula jasho la wenzao, na kwamba leo kadi zote zitasomwa mbele ya umma.

Mama Verani, aliyekuwa mbele yangu, aligeuka akaninong'oneza kwa sauti ambayo hata mkaguzi aliisikia. "Si nilisema! Kuna nyumba ya watu wanne inakula fungu la watu saba. Mfanyabiashara hafi, hubadili ngozi."

Zikasomwa kadi tano au sita bila neno. Kisha mkaguzi akamwita Baba Tusa. Akasoma jina lake, la mkewe, na majina ya watoto wao wawili. Akateremsha kidole kwenye kadi, akaendelea: "Skolastika. Oresti. Fides."

Nilisikia masikio yangu yakijaa kama mtu aliyezama majini.

"Hawa ni nani, ndugu?"

"Ni watoto wangu," alijibu Baba Tusa. Alikuwa ameshika kofia mkononi.

"Watoto gani!" alidakia Mama Verani. "Wenyewe hao hapo, ndugu mkaguzi! Yatima wa watu. Huyo binti mwenye mtoto mgongoni. Muulize!"

Nikaitwa mezani. Watu wakafungua njia. Fides alinikaba shingo, Oresti akanifuata akiburuza shuka. Mkaguzi aliniuliza kwa upole, na labda upole wake ndio ulioniponza.

"Wewe ndiye Skolastika?"

"Ndiyo."

"Unakula kwa nani?"

Wasomaji wangu, nimeishi na lile swali miaka mingi kuliko niliyoishi na mama yangu. Nilimtazama Baba Tusa. Niliwaza miezi yote niliyolinda mawe ya watu wengine. Niliwaza kwamba sukari yetu, sabuni yetu, haki ya watoto wa baba yangu, mtu alikuwa akiichukua mezani kila juma na kwenda kuiuza gizani, huku mkewe akitutupia makombo na kuyaita masalio. Na niliwaza Matai. Tumekwisha kuandikwa kwa mtu, nyumba yetu imekufa, na hakuna aliyeniambia.

"Nakula kwangu," nikasema. "Tunalima wenyewe. Baba yetu alifariki, nyumba yake ipo, mimi ndiye mkubwa."

"Kadi hii unaifahamu?"

"Sijapata kuiona."

"Huyu si baba yako?"

"Si baba yangu. Alikuwa na duka tu."

Foleni ilitoa mguno mmoja mkubwa. Mtu fulani akasema, "Mlanguzi!" na wengine wakalipokea neno hilo wakalirushiana. Mzee Kasiano alikuwa hatua tatu tu kutoka mezani. Mwandiko ule ulikuwa wake. Nilimwona akifungua kifungo chake, akakifunga tena, akatazama ukungu. Mama Tusa alifungua mdomo, na mumewe akamgusa mkono. Ndipo Baba Tusa akasema, polepole, akimwambia mkaguzi lakini akinitazama mimi:

"Binti anasema kweli."

Akavaa kofia yake.

Kadi yake ilichanwa palepale, vipande viwili, kisha vinne. Meneja alitangaza kwamba nyumba ile haitahudumiwa tena. Mkaguzi alinishika bega mbele ya watu wote, akasema taifa linahitaji vijana wakweli kama huyu, akamwamuru Mzee Kasiano aniandikie kadi siku hiyohiyo. Na jina langu likakaa juu: mkuu wa kaya. Mhuri ukagongwa. Oresti, aliyekuwa anaanza kusoma, alilisoma jina langu njia nzima kurudi nyumbani, kama wimbo. Nilitembea nimeinua kichwa. Nawaambieni ukweli, siku ile niliona fahari.

Jumamosi iliyofuata Mama Tusa alikuja kama kawaida. Alisimama nje ya kizingiti, hakuingia. Akatoa kifuko cha chumvi. "Wiki hii ni chumvi tu, mwanangu," alisema. Kwetu mdogo anapopewa kitu na mkubwa hupiga magoti, akapokea kwa mikono miwili. Nilisimama wima nikakipokea kwa mkono mmoja, wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa umeegemea mlango. Aliuona mkono ule. Akacheka kwa mabega yake, mara moja tu, akageuka akaenda. Kabla ya mwezi kuisha walifunga mizigo, wakapanda lori lililokuwa linarudi Tunduma. Mtaa wenye kadi ungeweza kuwagawia chochote. Haukuwagawia. Na sisi tulikuwa nyumba ya nne.

Baba mdogo alikuja baada ya mavuno, kama alivyoahidi, na kamba ya kufungia mizigo begani. Nilimwekea kadi mezani. Aliigeuza, akaisoma, akausugua mhuri kwa kidole kuona kama ungefutika. Alikunywa uji wa ulezi bakuli mbili, akarudi Matai na kamba yake. Hatukugawanywa. Oresti alisoma mpaka akawa fundi wa mitambo, Fides ana wajukuu. Kadi ile ndiyo iliyotuweka pamoja, na kadi ile ilitoka katika vipande vinne vya kadi ya mtu mwingine.

Mzee Kasiano aliniambia yote miaka mingi baadaye, alipokuwa amelala kitandani hawezi kuinuka, nami nimempelekea togwa. Alisema ni Baba Tusa aliyemfuata, si yeye aliyemfuata Baba Tusa. Alisema Baba Tusa alimwambia, "Waandike kwangu, lakini binti asijue, atakataa. Na mtu wa Matai asijue, atasema Mnyakyusa amewanunua." Fungu letu lilipimwa kila juma nyumbani kwao, mbele ya watoto wao, na la kwetu ndilo lililofungwa kwanza. Mzee alilia. "Ningesema, wangenivua ubalozi," alisema. "Naye alijua. Ndiyo maana hakunitaja." Nilimfuta machozi kwa upindo wa kanga yangu, lakini sikumwambia nimemsamehe, kwa sababu mimi ni nani wa kusamehe?

Nilipokuwa mtoto nilidhani mtu husema kweli au husema uongo, basi. Kila nililolisema pale mezani lilikuwa kweli. Sikuwahi kuiona kadi. Hakuwa baba yangu. Sikujua kwamba mtu anaweza kusimama juu ya ukweli wake na kumkanyaga mtu nao. Wala sikujua kwamba dirisha la mbao likipigiliwa misumari, aliyekuwa nyuma yake anaweza kutafuta tundu jingine la kupitishia mkono. Duka Kubwa lilitaka kujua tunakula kwa nani. Baba Tusa hakuwahi kutuuliza hilo, alitazama tu kama tumekula.

Yeye alikwisha kufariki. Nilizipata habari zake kwa dereva wa lori la mahindi. Mama Tusa yu hai, anakaa Tunduma kwa binti yake, macho yake hayaoni vizuri. Nimepanga safari mara tatu. Mara ya kwanza mvua ilikata barabara. Mara ya pili Fides aliugua. Mara ya tatu hapakuwa na mvua wala ugonjwa. Nilifika stendi na kapu la maharage na ulezi, basi likapakia, likaondoka, nami nimekaa kwenye benchi. Oresti ananicheka. "Dada, nenda ukaombe radhi yaishe."

Hajui ninachokiogopa. Siogopi kwamba atanifukuza. Naogopa kwamba nitafika, nitajitaja jina, naye atapapasa mpaka aupate mkono wangu, atasema, "Karibu mwanangu, umekula?" Ataniwekea chakula. Na mimi, kwa kuwa hakuna namna ya kukikataa chakula cha mama yule, nitakila, na nitarudi Sumbawanga nikidaiwa zaidi.